Kipande cha Mama Yako Hakiko Kabatini

Kagoma, Muleba
Jumapili, 7 Septemba 2025

Asimwe, mwanangu,

Umeenda Kanazi kumuaga bibi yako mzaa mama, na ninavyomjua yule hatakuachia mpaka ule mara mbili. Kwa hiyo nina saa kadhaa. Kahawa nimeianua mapema kwa sababu silipendi wingu la upande wa ziwa, na mlango wa uani nimeufunga, maana shangazi yako Adela akinikuta na kalamu atataka nimsomee, na haya sitaki yasikiwe na mtu kabla yako.

Mambo ya safari sitayagusa. Basi la kesho unalijua, mizigo umeifunga vizuri kuliko ambavyo ningeifunga mimi, na huko Mwanza yupo wa kukupokea. Nataka kusema lile lililonishinda siku ya Alhamisi.

Alhamisi watu walipokuja kukuaga ulisimama karibu na mlango, umeshika soda ambayo hukuinywa, ukawaambia kwamba unakwenda kufanya kazi kwenye maabara ya hospitali ileile iliyomtibu mama yako, kwenye chumba wanachokata vipande vya nyama vilivyotolewa kwa wagonjwa na kuvitazama kwa hadubini. Ukasema, "Mama alikuwa na aina ya uvimbe isiyosikia dawa. Kipimo kilionyesha hivyo. Mimi nataka kujua kwa nini haisikii." Watu wakapiga makofi. Katekista akasema huyu binti sasa ni wetu sote. Mimi pia nilipiga makofi, Asimwe. Halafu ukanigeukia, ukaniambia kwa sauti ya chini, "Tata, kule wanatunza vile vipande makabatini miaka mingi. Wiki ya kwanza tu nitakitafuta cha mama."

Tangu hapo sina raha. Umedhani ni huzuni ya wewe kuondoka. Jana uliniambia, "Tata, naenda Mwanza, siendi mwezini," ukacheka, nami nikacheka. Lakini hii ni hofu. Hakuna kipande kabatini. Hakuna kipimo kilichoonyesha kitu chochote. Nilikudanganya ulipokuwa na miaka kumi na sita, wewe ukauchukua uongo ule ukauchagulia kazi, na kesho unakwenda mahali penye daftari lililo na sahihi yangu.

Nitaeleza kama mambo yalivyokwenda.

Ugonjwa ulianza na chumvi. Mama yako alitia chumvi kwenye maharage, akakaa kidogo, akatia tena. Nilimwuliza kama anataka kutukausha kama dagaa. Alicheka. Baada ya wiki mbili tatu akaanza kupotewa na majina ya vitu. Kisu akakiita "kile cha kumenyea." Asubuhi kichwa kilimuuma mpaka akatapika, na ikifika saa nne kinamwachia, anashika jembe anakwenda kibanjani kwenye migomba. Zahanati walimpa dawa ya malaria mara mbili. Siku moja sufuria ya uji ilimponyoka mkono wa kulia, nami nikamwuliza mbele ya wageni kama amepitia kwenye rubisi. Yeye, ambaye hata harusini pombe ya ndizi aliinusa tu na kumpa jirani. Aliinama akauzoa uji ule kwa kipande cha jani la mgomba. Naukumbuka mgongo wake ulivyokuwa pale chini, na kifungo kimoja cha gauni kilichokuwa kimekatika. Katika yote niliyokosa, hilo ndilo dogo, lakini ndilo linalonijia mara nyingi zaidi.

Wewe ulikuwa shule, unakaa Kahororo kwa mama yako mdogo, kwa hiyo hukumwona akianguka kanisani. Bukoba walimpiga picha ya kichwa, wakasema kuna kitu kikubwa kama limau upande wa kushoto, wakatuandikia twende Mwanza. Huko wakampasua. Walitoa walichoweza kutoa, si chote, kwa sababu uvimbe ule hauna ukingo. Umeingia katikati ya ubongo kama mizizi ya migomba miwili iliyopandwa karibu, huwezi kusema huu ni wa huu.

Siku ya nne daktari aliniita kwenye benchi la ukumbini. Alikuwa kijana, na jina lake alinitajia nikalisahau palepale.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

"Nalima. Kahawa na migomba."

"Kahawa ipi?"

"Robusta. Aliipanda baba yangu."

"Ule mnyauko wa kahawa ulipopita kwenu, uliua miti yote?"

"Hapana. Mingine ilikauka yote, mingine imesimama mpaka leo. Na ukiitazama ni miti ileile, majani yaleyale."

Alipiga paja lake kidogo, kama mwalimu aliyepata jibu. "Basi na uvimbe huu ni hivyo. Kwa hadubini tumeona ni ule mkali, daraja la nne. Lakini wagonjwa wawili, uvimbe wao ukafanana kabisa machoni, kwa ndani unaweza kuwa wa aina mbili. Mmoja dawa ikiuvunja, umevunjika. Mwingine una fundi wake ndani. Dawa inavunja, fundi anatengeneza."

"Na wa mke wangu?"

"Hapo ndipo sijui. Kipimo hicho hapa kwetu hakipo. Kipande kinatakiwa kipelekwe Dar es Salaam. Ndugu ndio hukipeleka, au hukituma."

Kisha akaongeza jambo ambalo sikumwomba. Alisema hata ndani ya uvimbe wa mtu mmoja seli si sawa zote. Dawa inaziua zile dhaifu, na zinazosimama ndizo zinazozaa upya, kwa hiyo uvimbe ukirudi huwa mgumu kuliko wa kwanza. Nikamwambia, "Kwetu mti uliosimama kwenye mnyauko ndio tunaouchukulia miche." Akasema, "Ndiyo, mzee. Na uvimbe wenyewe unafanya hivyohivyo." Tangu siku ile sijawahi kupanda mche kutoka kwenye mti ule mkubwa wa nyuma ya choo, uliosimama kwenye mnyauko, bila mkono wangu kusita.

Alinielekeza kwenye dirisha la maabara. Kulikuwa na mama mmoja wa miwani. Akanipa kidude cha plastiki, kidogo kuliko kiberiti, ndani yake nta nyeupe, na katikati ya nta kitu cha kijivu kama ukucha wa mtoto. Akakitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika jina la mama yako, Kemilembe, na namba, nami nikatia sahihi kwamba nimekichukua kukipeleka Dar.

"Ni hiki kimoja tu, usikiweke juani, mzee. Nta itayeyuka."

"Na wakimaliza huko, kitarudi?"

"Kirudi kiende wapi?"

"Nyumbani."

Alinitazama juu ya miwani. "Kitakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi. Kitakachobaki kitakaa kwenye kabati lao. Nyumbani kije kupika?"

Watu waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Nilicheka nao.

Nikueleze kwa nini niliuliza, maana babu yako alifariki kabla hujazaliwa na hili hujalisikia. Alikatwa kidole cha shahada na mashine ya kukoboa kahawa, mimi nikiwa darasa la pili. Mama yake alikifunga kwenye kitambaa cha pamba akakifukia kibanjani, kati ya mgomba na mgomba, akapanda ua. Maisha yake yote baba alituonyesha pale. Akilewa kidogo alikuwa anasema, "Mimi nimeshatangulia, mtanifuata na mabaki." Na alipofariki hatukubishana kaburi lichimbwe wapi. Lilichimbwa pale. Katika nyumba yetu hakuna aliyenifundisha jambo hili kwa maneno. Nilikua nikijua tu kwamba mtu anarudi kibanjani mzima, na kama ametangulizwa kipande, atafuatana nacho.

Nilipofika nyumbani, mama yako nikiwa nimemwacha Mwanza kwa matibabu, nilimweleza Adela. Yeye, unamjua, hakumung'unya maneno.

"Kichwa cha mke wako kikatwe kama kitunguu, kikae kwenye kabati la watu wasiomjua?"

"Daktari amesema ndiyo njia ya kujua dawa."

"Dawa si ameshapewa? Anameza?"

"Anameza."

"Basi ameze. Wewe waitu, ndugu yangu, unataka kujua, au unataka apone?"

Swali lile liliniburudisha, Asimwe. Nililishika kama mtu aliyepata fimbo. Bahasha nikaiweka kwenye sanduku la bati, chini ya vyeti vya ubatizo. Lakini nisimsingizie shangazi yako. Alisema lile analoliamini, na angeacha kama ningesimama. Nilikuwa na sababu nyingine ambayo hata yeye sikumwambia. Niliogopa jibu. Niliona kwamba bahasha ikiwa sandukuni, mama yako ana uvimbe wa aina zote mbili, na mimi naweza kila asubuhi kuchagua ile nzuri. Ikifika Dar, nitabaki na moja. Wala haikuwa lazima iwe mbaya. Nilichokiogopa ni kwamba haitakuwa tena juu yangu kuchagua.

Mionzi alipigwa wiki sita kulekule Mwanza, pamoja na vidonge. Aliporudi alikuwa na upara upande mmoja, na maneno yakaanza kumrudia. Unakumbuka ile likizo ya Desemba? Ulifika akakupokea njiani akikutajia kila kitu anachokiona, kama mtoto anayejifunza: panga, ngazi, mbuzi wa Ta Felisi, senene. Ulilia ukasema mama amepona. Mimi nilitoka nikaenda kutazama migomba isiyohitaji kutazamwa. Nilijiambia, basi ni ile aina inayosikia. Nimefanya vyema kutopeleka.

Tuliporudi Mwanza kuonwa, yule daktari akauliza, "Majibu ya Dar yako wapi?"

Nikasema, "Bado hawajayatoa."

"Muda wote huu?"

"Wanasema bado."

Akatikisa kichwa, akasema basi tunaendelea na vidonge kama kawaida, ingawa ni kama kutembea gizani. Tukaendelea. Ulishaona alivyotapika kwa vidonge vile. Siku tano kila mwezi alikuwa anakaa na beseni, na siku ya sita ananiomba msamaha kwa kunichosha. Mwaka jana, tukichambua karanga barazani, ulinieleza kwa upole, ukidhani unanifundisha tu ulichosoma chuoni. Ulisema kwenye ule uvimbe wenye fundi ndani, vidonge vile husaidia kidogo sana, na wapo madaktari ambao kwa mgonjwa dhaifu wangeviacha. Na kwenye ule usio na fundi, vinaongeza muda wa kweli. Nilikuuliza, "Kwa hiyo mtu akijua aina anaweza kuachiwa kutapika?" Ukasema, "Au anajua anatapika kwa faida, Tata." Niliendelea kuchambua karanga. Ulikuwa hujui unamwambia nani.

Sijui mama yako alitapika kwa faida gani. Sijui na sitajua, na niliyesababisha nisijue ni mimi. Labda angeishi muda uleule. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na inawezekana ni kweli, maana wewe mwenyewe umesema uvimbe ule mara nyingi hurudi, uwe wa aina hii au ile. Lakini siku tano za kila mwezi zilikuwa zake, na mimi ndiye niliyezitumia.

Sasa niandike lile ambalo hata Adela halijui. Nimeinuka mara mbili kwenda kutazama barabara kama unarudi. Bado.

Mwezi wa tano maneno yakaanza kumwondoka tena, na picha ilionyesha uvimbe umerudi, palepale pembeni mwa tundu la kwanza. Siku moja nilikuwa nje nikianika kahawa. Nilipoingia nikamkuta amekaa chini mbele ya sanduku, ametoa vyeti, na bahasha ya kaki iko mapajani. Amekitoa kile kidude, anakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Hakuwa ameambiwa habari zake, lakini jina lake alikuwa bado anaweza kulisoma.

"Mimi?" akaniuliza.

"Ndiyo."

Akakigeuza. "Kidogo hivi." Akacheka, Asimwe. Alicheka kama alivyokuwa akicheka siku zote, bega likipanda. Halafu akauliza kipo hapa kwa nini, kwa maneno manne matano yaliyomchukua muda mrefu. Nikamwambia kilitakiwa kwenda Dar kupimwa aina. Nikamwambia na habari ya kabati, na kwamba hakitarudi. Nilidhani ataogopa kama mimi. Alikirudisha kwenye bahasha kwa mkono wa kushoto, akainyoosha bahasha kwangu.

"Peleka," akasema.

"Hakitarudi, mama Asimwe."

"Peleka." Akagusa kichwa chake. "Nijue."

Jumatatu yake nilikwenda nacho Bukoba mjini, kwenye ofisi ya mabasi wanakopokea vifurushi. Nilipanga mstari. Kijana aliyekuwa akiandika akauliza ndani mna nini. Ningeweza kusema sampuli ya hospitali, walishazoea. Nikasema, "Karatasi." Akasema, "Weka hapa kwenye mzani." Mkono wangu haukuiachia bahasha. Alingoja, akasema, "Baba, unatuma au unapima uzito wako?" Nikasema ngoja kwanza nipige simu, nikatoka nje. Nilikaa stendi mpaka saa tisa nikiangalia watu wanavyopanda na kushuka. Nikarudi Kagoma nayo, kifuani, ndani ya shati.

Mama yako alikuwa amekaa barazani ananingoja. Nikamwambia, "Nimekipeleka."

Akasema, "Asante." Siku ile alikula vizuri.

Halafu kila siku akawa ananiuliza, "Majibu?" Nami nasema bado. Wewe ulikuwa kwenye mitihani. Alilipoteza jina lako kabla ya kulipoteza neno lile. Sikutaka kukuandikia hilo, lakini nimeamua leo sifichi kitu. Aliniuliza "majibu" mpaka wiki ya mwisho aliyozungumza, na mwisho hakuwa anasema neno, alikuwa ananitazama tu na kuinua nyusi, na mimi nilijua anauliza nini, nikawa natikisa kichwa.

Alipofariki, kabla jeneza halijafungwa, Adela aliwatoa wanawake nje akaniambia, "Haya, mpe chake." Niliiweka bahasha chini ya mkono wake wa kulia, ndani ya kitenge kile cha zambarau. Kwa hiyo ndiko kiliko. Usikitafute Mwanza, wala Dar. Kiko hapa, hatua arobaini kutoka mezani ninapoandikia, na kwa mila za nyumba hii mama yako ni mzima. Siku ya kuzika hilo lilinipa amani. Ilidumu mpaka jioni.

Jioni ile ulinijia jikoni na sare ya shule ambayo ilikuwa imeshakuwa fupi kwako. Ukauliza, "Tata, majibu ya Dar yalitoka?" Ulikuwa umetulia sana. Nilifikiri mtoto huyu hawezi kubeba jingine leo. Au labda sikufikiri kuhusu wewe kabisa, niliogopa tu kwa mara nyingine. Nikasema, "Yalitoka. Ilikuwa ile aina isiyosikia dawa." Ukapumua. Ukasema, "Kwa hiyo hakuna ambacho tungefanya." Nikasema, "Hakuna."

Ndivyo ilivyokuwa.

Sikuandikii ili unisamehe kabla ya basi kuondoka. Wala sitaki uache kazi hii. Nimejiuliza kama nikikwambia, hamu yako yote haitaporomoka, kwa sababu ulitaka kujua kwa nini uvimbe wa mama haukusikia dawa, na sasa hujui hata kama ulikuwa hausikii. Naogopa hilo. Naogopa pia utakaponyamaza, maana wewe ukikasirika hupigi kelele, unafua nguo ambazo ni safi. Na kuna hofu nyingine ambayo haina maana, lakini niiandike. Wiki iliyopita ulikuwa unamimina chai, ukatafuta neno, ukasema, "Nipe kile... kile cha chai," kwa sababu umesahau chujio. Nilitoka nje nikashika ukuta. Daktari alisema ugonjwa ule mara nyingi hauendi kwa watoto. Umeniambia na wewe. Nimeelewa. Lakini nimekuhesabia maneno tangu siku hiyo, Asimwe, na nitaendelea kuyahesabu kwenye simu, utakapokuwa unafikiri nasikiliza habari zako tu. Kichwa kikikuuma asubuhi, niambie mimi. Nakuomba, na najua sina haki ya kukuomba usinifiche.

Kazi yako siijui, siwezi kukufundisha. Lakini utakaa upande wa ndani wa lile dirisha, na upande wa nje naujua vizuri. Mtu aliyeogopa sana hasemi ameogopa. Anauliza jambo lingine. Anauliza kama kitu kitarudi, au kama ofisi inafungwa saa ngapi, au anacheka watu wanapomcheka. Yule mama wa miwani hakunikosea, alikuwa na mstari mrefu. Lakini kama angeniuliza swali moja tu, "Mzee, kuna nini?", nadhani ningemwambia. Sina hakika. Nadhani tu. Na ingewezekana nipate njia, maana nimekuja kuambiwa na wewe mwenyewe kwamba zipo hospitali ambazo zikimaliza kukata, ndugu akiomba kwa maandishi, kinachobaki anaweza kurudishiwa. Hayo nilikuwa siyajui. Sikuuliza mara ya pili.

Barua hii sitaitia kwenye begi lako uikute Mwanza. Bahasha moja niliyoficha inatosha. Ukirudi kutoka Kanazi nitakupa mkononi, kabla ya chakula, nami nitakaa nje barazani wakati unasoma. Kama utakuwa na la kuniambia, nitakuwa pale. Kama hutakuwa nalo, kesho nitakubebea mizigo mpaka barabarani, na sitakulazimisha kuzungumza.

Nasikia pikipiki inapanda kilima. Labda ni wewe.

Unikumbuke, mwanangu, hata ukiwa umenikasirikia. Na ukinikumbuka, usiliondoe hili ili nionekane mwema. Nikumbuke pamoja nalo.

Tata wako